"Check out" ni kuangalia au ni kutoa?

Wadau, nimepotea kwa muda, na najua wengine wenu mmeshaanza kuuliza kama nimehamia Nairobi nikasahau kuandika. Hapana. Nipo hapa hapa Lodwar, jua ni lile lile, na kilichoninyamazisha ni kosa langu mwenyewe ambalo nusura limponze kijana wa watu. Leo nalisimulia lote, kwa sababu chanzo chake ni maneno mawili ya Kiingereza niliyoyabandika kwenye kitufe bila kufikiri.

Kisa chenyewe ni hiki. Kuna kikundi cha akina mama wanaonunua samaki pale Eliye Springs, ufuoni mwa Ziwa Turkana. Samaki wanakaushwa, wanatiwa kwenye magunia, magunia yanaletwa stoo hapa Lodwar, kisha yanapanda lori kwenda Kakuma ambako walaji ni wengi, wenyeji na wakimbizi. Hesabu zote zilikuwa kwenye daftari. Mimi, na digrii yangu ya sayansi ya kompyuta na kiherehere cha kutosha, nikawaambia nitawatengenezea programu ndogo ya simu. Gunia likifika stoo, kijana wa stoo analiingiza. Likiondoka, analitoa. Mama mwenyekiti kule Eliye anaona ripoti kwenye simu yake. Kazi ya wiki mbili, nikaimaliza kwa kujisifu. Ukifungua ukurasa wa gunia lolote ulikuta vitufe viwili: "Check in" na "Check out".

Wiki ya nne mama mwenyekiti akanipigia simu. "Mwanangu, kompyuta yako inasema huyu kijana ametoa magunia kumi na moja na pesa hazionekani."

Nikaangalia ripoti. Kweli, magunia 11 yametoka, malipo hakuna. Kijana alikuwa ameshanyang'anywa ufunguo wa stoo na ndugu zake wameitwa. Na mimi, nakiri, nilikuwa upande wa programu yangu. Sisi tunaoandika programu huwa tuna hakika nazo mpaka dakika ya mwisho... Bahati nzuri mzee mmoja akasema tufungue stoo tuhesabu kabla ya kusema neno lingine. Tukahesabu. Magunia yote 11 yalikuwa pale pale, yamepangwa ukutani, yananuka vizuri tu.

Nikamwomba kijana anionyeshe anavyotumia programu. Akasema: "Mteja wa Kakuma akipiga simu kuuliza gunia lina kilo ngapi, nabonyeza hapa nione. Si umeandika check out? Nacheki." Akabonyeza, gunia likapotea kwenye orodha, naye akadhani ukurasa umejifunga, kwa hiyo akaenda kulichungulia kwa macho na kumjibu mteja. Mara kumi na moja.

Sasa niambieni, nani alikosea? Kijana hakukosea Kiswahili, kwa maana "cheki" kwa Kiswahili cha mtaani ni kutazama, kuanzia Mombasa mpaka Lodwar. Na hakukosea Kiingereza pia! Hapa ndipo niliposhika kichwa. Kwa Kiingereza cha kila siku, "to check out the hotel" ni kwenda kuitazama hoteli, na "to check out of the hotel" ni kulipa bili, kurudisha ufunguo na kuondoka. Tofauti ni kineno kimoja, "of". Bila hicho unatazama, ukiwa nacho umeshaenda zako. Kijana alisoma maana ya kwanza, mimi niliandika nikiwa na maana ya pili kichwani, na kitufe hakikuwa na "of" wala hoteli wala gunia. Kilikuwa na maneno mawili tu yanayoelea.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwatazama hawa vitenzi wa Kiingereza kwa jicho lingine. Kila mmoja wetu aliyesoma Kenya aliwahi kuteswa nao kwenye KCPE, ule mtihani uliofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. "Put up" peke yake haina maana moja. "Put up a tent" ni kusimamisha hema. "Put up at" ni kufikia mahali, kulala pale. "Put up with" ni kuvumilia. Kitenzi ni kile kile, kielezi "up" ni kile kile, na ni kihusishi cha mwisho kinachokuambia kama unajenga, unalala au unavumilia. Mwalimu wetu alitukaririsha orodha ndefu kama orodha ya wafalme, na hakuna aliyetueleza kwamba maana imejificha mkiani.

Kwenye sentensi kamili hilo si tatizo kubwa, maana mkia upo. Tatizo ni sisi waprogramu. Kitufe ni kidogo, skrini ni ndogo, kwa hiyo tunakata. "To log in to your account" tunakata "to" ya mwanzo, tunakata "to your account" ya mwisho, inabaki "Log in". "To sign up for the service" inabaki "Sign up". Ni kama samaki aliyekaushwa bila kichwa wala mkia: mvuvi wa Eliye atakuambia ni sangara au ni tilapia kwa kuushika tu mgongo, lakini mtu wa bara atakula bila kujua anakula nini. Mwingereza ni huyo mvuvi. Mkia umekatwa, yeye anauona bado.

Na kichwa nacho kina mambo yake. Angalia "to log in to" jinsi "to" inavyotokea mara mbili. Ya kwanza ni alama ya kitenzi tu, kama "ku-" yetu kwenye "kuingia". Ya pili ni ya mahali unakoelekea. Wengi huzichanganya, na wengine huunganisha "in" na "to" kuwa "into", jambo ambalo Waingereza wenyewe hubishana nalo mpaka leo. Wanaotaka usahihi husema "in" ni mali ya kitenzi na "to" ni mali ya akaunti, kwa hiyo zisiguswe. Mimi nilidhani huu ni uchawi wa Kiingereza peke yake mpaka nilipofundisha kozi fupi ya kompyuta pale Kakuma. Wanafunzi wengi walikuwa wametoka mashariki ya Kongo, na Kiswahili chao husema "kuenda ku soko". Haya, isome tena taratibu: ku ya kitenzi, halafu ku ya mahali. "To go to". Na hata Kiswahili sanifu kina undugu huo, ila kimeufunika kidogo: "kuingia kwenye" ina ku- ya kitenzi mwanzoni na kw- ya mahali baadaye. Darasa lile lilielewa "to log in to" kwa dakika tano, kitu kilichonichukua mimi miaka minane ya shule ya msingi.

(Kwa wanaopenda historia: "log" hapo ni gogo, gogo la kweli. Mabaharia wa zamani walitupa kipande cha mti baharini kilichofungwa kamba ili kupima mwendo wa meli, wakaandika vipimo kwenye daftari la gogo, daftari likaitwa "log", na kompyuta za kushirikiana watu wengi zilipokuja, kama CTSS ya pale MIT mwaka 1961, mtu akawa anajiandikisha kwa amri ya "login". Kwa hiyo unapoingia Facebook unaingia gogoni.)

Sasa nije kwenye hoja yangu, maana naona nimezunguka. Hoja ni kwamba Kiswahili hakibebi mambo haya mkiani. Kinayabeba tumboni mwa kitenzi, kwa hiyo hata ukikata sentensi mpaka libaki neno moja, mwelekeo hautoki. Chukua "hama" na "hamia". La kwanza unaondoka mahali, la pili unakwenda kukaa mahali. Kiingereza kinahitaji "move out of" na "move in to", maneno matatu kila upande. Chukua "kimbia" na "kimbilia". Watu wamekimbia vita wakakimbilia Kakuma tangu kambi ilipofunguliwa mwaka 1992, na hakuna mtoto pale anayechanganya maneno hayo mawili, kwa sababu ni maisha yake. Ile kauli ya kutendea tuliyoisoma shuleni tukaona ni adhabu, ndiyo kihusishi chetu, na kimeshonewa ndani ya nguo.

Au chukua "pakia" na "pakua". Lori la samaki linapakiwa Lodwar na kupakuliwa Kakuma. Faili nayo inapakiwa kwenye seva na kupakuliwa kwenye simu. Hakuna "up" wala "down", hakuna wa kuuliza seva iko juu ya nini. Mwisho wa kitenzi umebadilika, kazi imegeuka. (Pakua ni pia kugawa chakula kutoka kwenye sufuria, na sioni ubaya wowote hapo, nikipakua filamu huwa nasikia njaa kidogo.)

Na si Kiswahili tu. Kiturkana nacho huweka mwishoni mwa kitenzi alama ya kuonyesha kama jambo linakuja kwa msemaji au linakwenda mbali naye. Gerrit Dimmendaal alilieleza hilo vizuri kwenye kitabu chake cha sarufi ya Kiturkana cha mwaka 1983. Yaani yule kijana wa stoo, aliyenyonya Kiturkana kwa mama yake na akajifunza Kiswahili sokoni, ana lugha mbili ambazo kitenzi huonyesha mwelekeo chenyewe. Nami nikampa lugha ya tatu ambayo mwelekeo umeachwa kwenye kineno cha mwisho, kisha nikakikata hicho kineno.

Najua mtakaloniambia. Wa kwanza atasema Kiswahili cha kompyuta kinachekesha, tarakilishi na kipakatalishi, nani anayasema hayo? Nakubaliana naye nusu. Mimi mwenyewe nasema kompyuta na laptopu na sioni haya. Lakini ona tulivyotumia nguvu zetu. Idara ya sayansi ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004 kupitia mradi wa Kilinux, kazi kubwa ya heshima, na wengi wetu tulichofanya ni kubishana kuhusu nomino. Mashine iitweje, kipanya kiitweje. Nomino hazijamwibia mtu gunia. Mtu akikiita kipanya "mausi" atakishika tu kwa mkono na kazi itakwenda. Kitenzi ndicho kinachofuta, kinachotuma, kinachotoa. Vitenzi ndivyo tulivyopaswa kuvikesha.

Wa pili atasema kompyuta ni za Kiingereza, watu wajifunze. Huyu namjibu kwa Git. Waprogramu wote mnaoisoma hii mnaijua amri ya "git checkout". Ilikuwa inahamisha mtu kutoka tawi moja la msimbo kwenda jingine, na wakati huo huo, ukiipa jina la faili, inafuta mabadiliko ambayo hujayahifadhi na kukurudishia faili ya zamani. Kazi mbili, neno moja. Watu wangapi wamepoteza kazi ya siku nzima hapo, tena watu waliozaliwa na Kiingereza mdomoni? Mwezi wa Agosti 2019, toleo la 2.23 likaleta amri mbili mpya, "git switch" na "git restore", ili kuzitenganisha zile kazi. Angalia walichokimbilia: vitenzi vya neno moja, visivyo na mkia wa kukatwa. Kama wataalamu wa Git walihitaji msaada huo, kijana wangu wa stoo anadaiwa nini?

Na M-Pesa je? Tangu ilipoanza mwaka 2007 menyu yake ni vitenzi vitupu. Tuma pesa. Toa pesa. Hata kwa Kiingereza waliandika "Send Money" na "Withdraw Cash", hawakuandika "take out" wala "pay out". Bibi asiyejua kusoma amekariri mpangilio wake na hapotezi shilingi. Kuna ile "Lipa na M-Pesa" iliyokuja mwaka 2013, ambayo mwalimu wangu wa Kiswahili angeipiga kalamu nyekundu, maana chombo tunakitaja kwa "kwa": unalipa kwa M-Pesa kama unavyokata kwa kisu. Lakini nchi nzima imeshaizoea na mimi sina nguvu za kupigana na nchi nzima.

Hapo kwenye "kwa" nina jeraha langu jingine, acheni nilionyeshe. Wakati naanza kuitafsiri programu nilifanya kosa ambalo kila mprogramu mvivu hulifanya: niliunganisha vipande. Kiingereza kilikuwa "Log in", halafu "to", halafu jina la akaunti. Nikaweka "Ingia", halafu "kwa", halafu jina. Kwa Kiswahili cha Kenya tunasema "niko kwa nyumba" bila kustuka, kwa hiyo sikuona kitu. Basi simu ya mama mwenyekiti ikaandika: INGIA KWA MAMA MWENYEKITI. Vijana wa stoo walicheka siku tatu. "Ingia kwa" mtu ni kuingia nyumbani kwake, kila Mswahili analijua hilo, na pale ilionekana programu inamkaribisha yeyote apite mpaka chumbani. Dawa yake ni rahisi lakini lazima uifanye mapema. Usimpe mtafsiri vipande, mpe sentensi nzima yenye nafasi ya jina, aseme mwenyewe kama ni "Ingia kwenye akaunti ya fulani" au namna nyingine. Na kama unatumia gettext, kumbuka kwamba maneno yanayofanana herufi kwa herufi yanahesabiwa kuwa kitu kimoja na yanapata tafsiri moja. "Check out" ya kutazama na "Check out" ya kuondoka zitapewa neno moja usipoambatanisha muktadha. Mtafsiri ataona maneno mawili yanayoelea, kama alivyoona kijana wangu, naye atabahatisha.

Sisemi Kiswahili hakina mitego. "Toka" peke yake ina utata wake: ni kuondoka hapa, na pia ni kuwa mwenye asili ya mahali, na ukiitamka vibaya ni kumfukuza mtu. Ndiyo maana programu nyingine huandika "Ondoka" badala ya "Toka", nami naona ni adabu zaidi. Halafu kuna kuchagua kama kitufe kiamuru, "Ingia", au kitaje kazi, "Kuingia". Kiingereza hakina shida hiyo, maana ukiivua "to" kitenzi chao cha kuamuru na cha kutaja ni sura moja. Sisi lazima tuamue, na nimeona programu zilizochanganya zote mbili kwenye ukurasa mmoja kama nguo za kuazima.

Basi Jumamosi moja nikaenda Eliye kuomba radhi. Barabara ni mchanga mtupu, gari ilinasa mara mbili. Tukakaa chini ya mikoma karibu na chemchemi, pale maji matamu yanapotoka mchangani na kuteremka kwenye ziwa ambalo maji yake ni ya magadi, upepo unapiga mpaka nilikuwa nashikilia laptopu kwa mkono mmoja. Nikamweleza mama mwenyekiti habari za "of" na za mkia. Alinisikiliza kwa subira, kisha akauliza: "Na kwa Kiswahili neno lenyewe lingekuwaje?"

Nikasema: la kutazama ni tazama, la kutoa ni toa.

"Sasa mwanangu, hukuyaandika kwa nini?"

Sikuwa na jibu. Bado sina. Nilikuwa naongea naye Kiswahili, kijana anaongea nami Kiswahili, wateja wanapiga simu kwa Kiswahili, nami nikaandika kwa Kiingereza kwa sababu mkono ulizoea.

Kijana alikuwapo, ameshamkalia mama kiti cha pili na amesharudishiwa ufunguo wake. Nikamwambia tuandike vitufe upya pamoja. Nikapendekeza "Pokea", "Tazama" na "Tuma". Akaikataa "Tuma" papo hapo: watu watadhani ni M-Pesa, wataogopa kubonyeza. Nikasema basi "Toa". Akacheka, hiyo nayo ni M-Pesa. Akafikiri, akasema gunia si pesa, gunia lenyewe ndilo linalosafiri, kwa hiyo andika lilivyofanya. Sasa vitufe ni "Limefika" na "Limeondoka", na ukibonyeza "Limeondoka" programu inauliza kwanza limekwenda kwa nani. La katikati alilitaka mwenyewe na sikubishana. Tumeandika "Cheki".